Bodi Haijafa, Haijatambuliwa Tu

Hotuba kwa wakufunzi, wanafunzi wa ufundi na vijana wa Kaunti Ndogo ya Turbo kuhusu draiva za bodi ndogo za USB



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo sana. Ni programu ambayo ukubwa wake haufikii hata picha moja iliyopigwa kwa simu. Lakini ikikosekana, kazi nzima inasimama.

Hali yenyewe mnaifahamu. Kijana amejifunza kidogo kwa video za simu, ameweka akiba, amenunua bodi ya maikrokontrola Eldoret, au ameiagiza kutoka Luthuli Avenue kule Nairobi ikaja kama kifurushi kwenye matatu. Anaichomeka kwenye kompyuta. Taa ndogo inawaka. Anafungua programu ya Arduino, anatafuta poti, hakuna poti. Anachomoa, anachomeka tena, bado. Mwisho anasema, "Nimeuziwa bodi mbovu," anaitupa kwenye droo. Mzazi aliyetoa pesa naye anaamua kwamba mambo ya kompyuta ni kupoteza pesa, na safari ijayo mtoto akiomba chochote cha aina hiyo, jibu limeshatolewa.

Ujumbe wangu leo ni mmoja. Taa ikiwaka na kompyuta isione bodi, usiseme bodi imekufa. Mara nyingi ni nzima, haijatambuliwa tu. Kuitambulisha ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayefuata hatua kwa mpangilio, na draiva yenyewe hutolewa bure.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mtu anaweza kuuliza, kaunti inahusikaje na draiva? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Hivyo ndivyo tunavyoviita leo vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi. Zamani chuo kama hicho kilihitaji randa, cherehani na mashine ya kuchomelea. Bado vinahitajika. Lakini fundi wa leo anakutana na maikrokontrola ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya pikipiki, ndani ya inverta ya sola na ndani ya mizani ya dukani. Bodi hizi za bei nafuu ndizo daftari la mazoezi la fundi huyo. Akishindwa kufungua ukurasa wa kwanza, hatafika wa pili.

Draiva ni nini hasa

Sisi wa Turbo tukisikia neno draiva tunafikiria dereva wa lori linaloelekea Malaba. Tumsogeze pembeni kidogo. Draiva ninayoizungumzia ni programu inayoiambia kompyuta kifaa kilichochomekwa ni cha aina gani na kinazungumzishwa vipi.

Fikirieni hivi. Kompyuta inazungumza lugha ya USB. Maikrokontrola nyingi za bei nafuu, kwa mfano ATmega328P iliyo kwenye bodi za Uno na Nano, hazijui USB. Zinajua lugha ya zamani na rahisi zaidi, ya mawasiliano ya serial: waya mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea. Kwa hiyo katikati huwekwa chipu nyingine ya kutafsiri, na hiyo ndiyo mkalimani. Draiva ni barua inayomtambulisha mkalimani huyo kwa kompyuta. Bila barua, mkalimani anasimama mlangoni na hakuna anayemfungulia.

Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro ya bodi zake iliwekwa wazi ili mtu yeyote aweze kuitumia. Kwa hiyo kiwanda kinachotengeneza bodi inayofanana nayo na kuiuza kwa jina lake chenyewe hakivunji sheria. Kosa ni kubandika jina na nembo ya Arduino kwenye bodi isiyo yao. Bodi asilia ya Uno R3 hutumia chipu ya ATmega16U2 kama mkalimani. Watengenezaji wa bodi za bei nafuu, ili kupunguza gharama, huweka CH340 kutoka kampuni ya WCH ya Nanjing, China. CH340 ni chipu nzuri, inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi, hasa za zamani, hazina barua yake tayari.

Hatua kwa mpangilio

Sasa tuingie kazini. Msiruke hatua, kwa maana anayeruka ndiye anayepoteza siku nzima.

Ya kwanza ni kebo. Kebo nyingi tulizo nazo majumbani ni za kuchaji tu. Ndani zina nyaya mbili, za umeme, badala ya nne. Taa ya bodi itawaka kwa sababu umeme unafika, lakini data haipiti. Kupima ni rahisi: chukua kebo hiyo, unganisha simu na kompyuta, kisha kwenye simu ruhusu kuhamisha faili. Kompyuta ikiona picha zako, kebo ni nzima. Kama tundu la bodi halilingani na la simu, azima kebo ambayo mwenzako anaitumia kwa bodi yake na inafanya kazi.

Ya pili ni poti. Jaribu tundu jingine la USB. Usipitie kwenye kigawanyio cha matundu mengi. Ondoa kwanza vihisi na nyaya zote ulizounganisha kwenye bodi, ibaki peke yake.

Ya tatu, muulize kompyuta anaona nini. Kwenye Windows, bonyeza alama ya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Device Manager. Angalia orodha huku ukichomeka na kuchomoa bodi. Kuna mambo manne yanayoweza kutokea.

Orodha isipobadilika kabisa, rudi kwenye kebo. Hujafika kwenye draiva bado.

Ukiona jina chini ya Ports, pamoja na herufi COM na namba, kwa mfano COM3, basi draiva ipo na inafanya kazi. Chagua namba hiyo hiyo kwenye programu ya Arduino.

Ukiona pembetatu ya njano chini ya Other devices, mkalimani amefika lakini hana barua. Hapo ndipo draiva inahitajika.

Ukiona maneno Unknown USB Device na kwamba ombi la descriptor limeshindwa, basi bodi na kompyuta hazijaweza hata kusalimiana. Usianze kupakua draiva. Chunguza kebo, poti na solda ya tundu la bodi. Ni hapa tu ndipo unapoweza kuanza kushuku kwamba bodi yenyewe ni mbovu.

Soma namba, usikisie

Hatua ya nne ndiyo wengi hawaijui. Kila kifaa cha USB hubeba namba mbili: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Bonyeza kifaa chenye pembetatu kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Utaona herufi VID na PID, kila moja ikifuatwa na tarakimu nne.

VID ikiwa 1A86 na PID 7523, hiyo ni CH340. Ikiwa 10C4 na EA60, ni CP2102 au ndugu yake, kutoka Silicon Labs ya Marekani. Utaikuta kwenye bodi nyingi za ESP32. Ikiwa 0403 na 6001, ni FT232 ya kampuni ya FTDI ya Uskoti. Ikiwa 067B na 2303, ni PL2303 ya Prolific ya Taiwan. Ikianza na 2341, ni bodi ya Arduino yenyewe.

Wakufunzi, nawaomba mziandike namba hizi kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Zitawaokoa na ubishi wa kila wiki.

Ipo bodi moja ndogo inayowasumbua wengi: Digispark, yenye chipu ya ATtiny85. Hii haina mkalimani. Maikrokontrola yenyewe inaigiza USB, tena kwa sekunde chache tu baada ya kuchomekwa. Namba zake ni 16D0 na 0753. Usishangae ikionekana na kutoweka. Ndivyo ilivyoundwa. Ukitaka kuipelekea programu, bonyeza kitufe cha kupakia kwanza, kisha uichomeke pale kompyuta inapokuambia. Na draiva yake ni ya aina nyingine kabisa, kwa hiyo ile ya CH340 haitaisaidia.

Kuweka draiva

Kwenye Windows 10 au 11, kabla ya kutafuta popote, unganisha kompyuta na intaneti, hata kwa hotspot ya simu, uache bodi imechomekwa kwa dakika chache. Mara nyingi Windows huitafuta draiva na kuiweka yenyewe.

Isipofanya hivyo, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu, wala si ya aliyeuza bodi. Faili ya WCH inaitwa CH341SER, nayo inahudumia CH340 na CH341 pia, kwa hiyo msiogope jina kutolingana. Chomoa bodi, endesha faili, subiri ujumbe wa kufaulu, kisha uchomeke bodi tena.

Tahadhari hapa ni kubwa. Ukiandika jina la chipu kwenye injini ya utafutaji, utaletewa kurasa nyingi zinazotoa programu za kutafuta draiva zote. Achana nazo. Nyingine hukuwekea matangazo, nyingine hukuwekea virusi, na kompyuta ya chuo inatumiwa na watu wengi. Maelezo yoyote yanayokuambia uzime kinga ya virusi kwanza, yafunge papo hapo.

Kwenye Linux, kama Ubuntu, kazi ni nyepesi zaidi. Draiva ya CH340 imo ndani ya mfumo kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo hupakui kitu. Andika lsusb kwenye dirisha la amri, utaona namba zile zile. Tatizo la kawaida ni ruhusa. Bodi inaonekana kama /dev/ttyUSB0, lakini mtumiaji haruhusiwi kuigusa. Andika sudo usermod -a -G dialout, ukifuatisha jina lako la mtumiaji, kisha toka na uingie tena.

Kuna kikwazo kingine, hasa Ubuntu 22.04. Mfumo huo una programu iitwayo brltty, inayosaidia watu wasioona kusoma skrini kwa kifaa cha Breli. Programu hiyo huona namba 1A86 na 7523, ikadhani ni kifaa cha Breli, ikaichukua bodi yako, na ttyUSB0 ikatoweka. Wengi huelekezwa kuifuta. Kama kompyuta ni yako na huhitaji huduma hiyo, ifute. Lakini kwenye maabara ya chuo, uliza kwanza. Akiwepo mwanafunzi asiyeona anayeitegemea, usimfungie mlango ili ujifungulie wewe. Mwombe msimamizi azime sheria ya namba hiyo moja tu, na nyote wawili mtafanya kazi.

Poti ipo, lakini programu haiingii

Wengine hufika hapa, wanaona COM3, wanafurahi, kisha programu ya Arduino inawaandikia maneno "not in sync". Wanarudi kulaumu draiva. Draiva imeshamaliza kazi yake.

Kwa bodi za Nano za bei nafuu, fungua menyu ya Tools, kwenye Processor uchague ATmega328P iliyoandikwa Old Bootloader. Bodi nyingi za aina hiyo zina programu ya kuanzia ya zamani, inayozungumza kwa kasi ya 57600 badala ya 115200. Kwa bodi za ESP32 zinazogoma kuunganishwa, shikilia kitufe cha BOOT upakiaji unapoanza. Na hakikisha hukuunganisha chochote kwenye pini 0 na 1 za Uno au Nano, kwa sababu pini hizo ndizo njia ya mkalimani.

Ukitaka kujua kama kosa liko kwa mkalimani au kwa maikrokontrola, kuna kipimo kisicho na gharama. Kwenye Uno au Nano, unganisha RESET na GND kwa kipande cha waya, kisha pini 0 na pini 1 kwa kipande kingine. Fungua Serial Monitor, andika neno, ulitume. Neno likirudi, basi kebo, draiva na mkalimani ni wazima, na kosa linatafutwa mbele zaidi. Fundi mzuri hupunguza mahali pa kutafuta.

Funzo la mwaka 2014

Kuna kisa kinachopaswa kujulikana na kila anayenunua vifaa kwa niaba ya taasisi. Mwezi Oktoba mwaka 2014, draiva mpya ya FTDI ilisambazwa kupitia masasisho ya Windows. Ilipokutana na chipu bandia iliyojifanya FT232, iliibadilishia namba ya bidhaa ikawa sufuri, na kifaa kikaacha kutambuliwa hata kwenye kompyuta nyingine. Watu waliokuwa wamenunua kwa nia njema, bila kujua ndani mna chipu bandia, waliamka wakakuta vifaa vyao havifanyi kazi. Kelele zilikuwa nyingi, na sasisho hilo likaondolewa. Prolific nayo ilitengeneza draiva zinazokataa chipu bandia na hata baadhi ya zake yenyewe za zamani, ndiyo maana PL2303 nyingi huonyesha Code 10.

Tunajifunza nini? Bei nafuu na bandia ni vitu viwili tofauti. Bodi inayosema wazi kwamba ina CH340 ni ya bei nafuu na ni halali. Bodi inayodai kuwa na chipu ya FTDI kwa bei isiyowezekana ni ya kutiliwa shaka. Muulize muuzaji: chipu ya USB ni ipi? Asiyejua au asiyetaka kusema, mwache. Na draiva ikishafanya kazi vizuri, iweke akiba. Sasisho jipya likiharibu mambo, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver.

Ninaloomba taasisi zetu zifanye

Kwanza, kila maabara iwe na flashi moja yenye draiva za chipu nne nilizozitaja, zilizopakuliwa kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na programu ya Arduino. Pakua mara moja, tumia mwaka mzima. Mwanafunzi asinunue bando kwa kitu ambacho chuo kinaweza kumpa kwa dakika moja.

Pili, kebo mbili zilizopimwa, zifungwe utepe wa rangi na kuandikwa DATA. Zisitumike kuchajia simu ya mtu yeyote, hata ya mwalimu mkuu.

Tatu, tuzungumzie nywila. Kuweka draiva kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Katika maabara nyingi anayeijua nywila ni mtu mmoja, naye siku ya somo hayupo. Maabara nyingine kompyuta zake hurudi kama zilivyokuwa kila zinapozimwa, na draiva ya jana ikafutika. Sisemi nywila ipewe kila mtu. Nasema draiva ziwekwe kwenye kompyuta zote siku moja, kabla ya muhula kuanza, na msimamizi mwenyewe.

Nne, kompyuta kuukuu zisitupwe. Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba mfumo mpya wa Windows inaweza kuwekewa Linux na kuwa meza nzuri ya kujifunzia bodi hizi.

Tano, kuwe na daftari. Kila bodi iliyogoma iandikwe: namba zake, ilionyesha nini, ilipona vipi. Mkufunzi akihamishwa, maarifa yabaki Turbo.

Kinachongoja baada ya draiva

Namalizia kwa kueleza kwa nini nusu saa hii ina thamani. Bodi ikishatambuliwa, mradi wa kwanza ni kuwasha na kuzima taa ya pini 13. Watu hucheka, lakini kinachowasha taa ndicho kinachowasha feni na pampu.

Kihisi cha joto cha DS18B20, cha aina iliyozibwa isiingie maji, hupima kwa tofauti ya nusu digrii. Kiweke kwenye banda la vifaranga, ambao wiki ya kwanza wanahitaji joto la takriban digrii 35, na king'ora kilie usiku joto likishuka. Kiweke kwenye tangi la maziwa, yanayotakiwa kupozwa hadi digrii 4, ujue kabla hayajaharibika. Kichomeke katikati ya magunia ya mahindi. Bodi ya nafaka, NCPB, hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kihisi cha joto hakipimi unyevu huo. Kazi hiyo ina mashine yake. Lakini mahindi yanayoanza kupata joto ghalani yanakuonya kwamba wadudu au kuvu wameingia, na kuvu ndiyo huleta sumu ya aflatoksini. Mkulima wa Tapsagoi anayeonywa mapema huyaanika tena. Asiyeonywa huyamwaga.

Vijana, ukirudi nyumbani leo, fungua droo. Itoe ile bodi uliyoikatia tamaa. Anza na kebo, kisha poti, kisha namba, kisha draiva. Ikikubali, mfundishe jirani. Ikikataa, ilete chuoni pamoja na namba zake, tuitazame pamoja.

Sasa chomekeni bodi zenu, tuanze.